Ugonjwa Mdogo: Je, Ni Mdogo kwa Nani?



Jumapili moja baada ya Ekaristi, watu walipokuwa wakiagana mlangoni, mzee mmoja wa mtaa wetu alinivuta kando chini ya mwembe, akatoa karatasi mfukoni, akaniambia, "Padri, nisomee hii, kisha uniambie kama ni dhambi kuiacha." Karatasi ile ilitoka hospitali ya rufaa. Ilisema kwamba mzee ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, na kwamba ugonjwa huo ni wa kiasi kidogo. Daktari alimweleza kwamba ipo mashine ya kumsaidia, ila bei yake ilikuwa sawa na ada ya shule ya wajukuu wake wawili kwa mwaka mzima. Daktari hakumlazimisha. Alimwambia aende nyumbani akafikiri, kisha arudi na jibu.

Yeye na mkewe wameniruhusu kuandika habari hii. Majina yao nayaacha. Naiandika kwa sababu swali lake si la mtu mmoja. Wengi wetu tumerudi kutoka hospitali na neno hilo "kidogo": sukari imepanda kidogo, presha iko juu kidogo, moyo umetanuka kidogo. Neno hilo hutufariji, nalo hutusumbua pia. Je, nina wajibu wowote juu ya ugonjwa ambao hauniumi? Na nikitumia fedha za nyumba kwa ajili yake, nimefanya busara au nimejipendelea?

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa hubanwa, ndipo tunaposikia mkoromo. Kwa wengine njia hiyo huziba kabisa, au karibu kabisa, na pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni katika damu hupungua, ubongo hushtuka, mtu hugutuka nusu, huvuta pumzi kwa kishindo, kisha hulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Madaktari huuita ugonjwa huu apnea, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kukosa pumzi. Huupima kwa kuhesabu ni mara ngapi katika saa moja pumzi imekatika au imepungua sana. Chini ya mara 5 huhesabiwa kuwa kawaida. Kuanzia 5 lakini chini ya 15 ni kidogo. Kuanzia 15 lakini chini ya 30 ni wastani. 30 na zaidi ni kali. Mzee wetu, baada ya kulala usiku mmoja na vyombo vya kupimia kifuani na kidoleni, alipata 9.

Zamani mgonjwa aliyezidiwa sana aliweza kutobolewa koo ili apate njia ya kupumulia. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia nyingine: mashine inayosukuma hewa kwa upole kupitia barakoa ya puani, ili koo lisizibe. Hiyo ndiyo aina ya mashine aliyotajiwa mzee wetu.

Sasa niungame kosa langu. Nilipoisoma ile karatasi nilimjibu pale pale, "Mzee, hiyo 9 ni ndogo, kali huanzia 30. Mshukuru Mungu, walipie wajukuu ada, ukalale kwa amani." Alifurahi, akakunja karatasi yake, akaenda zake. Nami nilifurahi, maana nilijiona nimemtua mtu mzigo.

Jumatano mkewe akaja nyumbani kwetu. Alisalimu, akaketi, akasema, "Padri, umemwambia mwenzangu alale kwa amani. Yeye analala. Nisiyelala ni mimi." Akanieleza jinsi anavyomsikiliza usiku: mkoromo, kisha kimya, naye huanza kuhesabu moyoni, na akiona kimya kimezidi humsukuma bega hadi pumzi irudi. Kisha akaniuliza, "Je, alikueleza habari za Segera?"

Hakunieleza, wala mimi sikumwuliza. Mzee wetu ni dereva wa lori la mizigo kati ya Tanga na Dar es Salaam, na mara nyingi husafiri usiku. Usiku mmoja, karibu na Segera, lori lilianza kuhama upande wake wa barabara, na utingo akaruka akaushika usukani. Mbele yao lilikuwa likija basi. Mungu aliwaokoa wote, hapakuwa na hata mkwaruzo. Mzee alimwambia mkewe kwamba ulikuwa uchovu tu. Utingo ndiye aliyemwambia mama kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimesoma karatasi, lakini mtu mwenyewe sikumsoma. Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili, nami nataka tulifikiri pamoja.

Neno "kidogo" katika karatasi ya daktari linahusu hesabu ya pumzi, wala halipimi maisha ya mtu. Mipaka ile ya 5, 15 na 30 iliwekwa na wanadamu ili wapate kusemezana. Mtu mwenye 14 na mtu mwenye 16 hawaachani kwa lolote kubwa, ingawa mmoja huitwa mwenye ugonjwa mdogo na mwingine wa wastani. Tena hesabu yenyewe hubadilika usiku hata usiku, na hubadilika pia kwa kanuni anayoitumia mpimaji, kwa maana wako wanaohesabu pumzi iliyopungua pale oksijeni ishukapo kwa asilimia 3, na wako wanaongoja hadi ishuke kwa asilimia 4. Hesabu hiyo ni msaada mkubwa, lakini haikupewa kiti cha hakimu.

Utafiti mmoja mashuhuri uliofanywa huko Wisconsin, Marekani, na kutangazwa mwaka 1993, uliwapima watu wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Ilionekana kwamba wanaume 24 katika kila 100, na wanawake 9 katika kila 100, walifikia ile hesabu ya 5 au kuizidi. Lakini waliokuwa na hesabu hiyo pamoja na usingizi mzito wa mchana walikuwa wachache zaidi: wanaume 4 na wanawake 2 katika kila 100. Basi tunaona mambo mawili. Kuwa na hesabu hiyo ni jambo la watu wengi, na wengi wao hawasumbuki. Lakini wamo ndani yao wanaosumbuka kweli, na hesabu peke yake haituonyeshi ni akina nani.

Wataalamu wenyewe, je, wanasemaje? Hawasemi neno moja, wala si aibu kwao. Watafiti wale wa Wisconsin walionyesha mwaka 2000 kwamba hata wenye ugonjwa mdogo walielekea zaidi kupata presha ya juu miaka iliyofuata kuliko wasio nao kabisa. Huko Uingereza, mwaka 2020, ulitangazwa utafiti juu ya wagonjwa wa kiasi kidogo hasa: waliotumia mashine kwa miezi 3 walisema wana nguvu na uchangamfu kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hayo yako upande mmoja. Upande wa pili, mwaka 2016 ulitangazwa utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 2,700 waliokuwa na ugonjwa wa wastani au mkali pamoja na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Wale waliopewa mashine hawakupungukiwa na mishtuko ya moyo wala viharusi kuliko wenzao, ingawa usingizi wa mchana uliwapungua na hali yao ya maisha ikawa nafuu. Nao kwa wastani waliivaa kwa saa chache tu kila usiku. Na mwaka 2022 kamati ya Marekani inayoshauri juu ya kinga ya maradhi ilisema kwamba ushahidi haujatosha kupendekeza, wala kukataza, kuwapima watu wasio na dalili yoyote.

Kwa hiyo daktari aliyemwambia mzee "nenda ukafikiri" hakuwa mvivu. Alikuwa mkweli. Uamuzi ulikuwa umefika mahali ambapo vipimo peke yake haviwezi kuumaliza, nao ukawa wa dhamiri. Ila dhamiri nayo yahitaji kuulizwa maswali yaliyo sawa.

Nitawaeleza habari ya mtu wa pili. Ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye naye alipimwa akapata hesabu ile ile ya 9. Mama huyu huamka asubuhi akiwa mzima, halali kanisani (hata mahubiri yangu yakiwa marefu), presha yake ni ya kawaida, haendeshi gari, na analala peke yake tangu mumewe atangulie mbele ya haki. Alimwuliza daktari maswali yote, wakapatana kwamba asinunue kitu. Apunguze uzito kidogo, alale kwa ubavu, apimwe presha kila mara, na akianza kuhisi usingizi mchana arudi. Je, mama huyu amepuuza afya yake? Nasema hapana. Ametumia akili aliyopewa na Mungu.

Basi hesabu ni moja na wajibu ni mbili. Tukisema kila mwenye 9 anunue mashine, tutamwonea mama yule. Tukisema kila mwenye 9 alale kwa amani, tutafanya kosa nililolifanya mimi. Swali si "ugonjwa huu ni mdogo?" bali "ni mdogo kwa nani?"

Katika sheria ya Torati, kwenye kitabu cha Kumbukumbu, mtu ajengaye nyumba aliagizwa aweke ukingo juu ya dari yake, ili mtu akianguka kutoka huko damu isiwe juu ya nyumba ile. Yaangalieni hayo vizuri, ndugu. Mwenye nyumba anaijua dari yake, amezoea kutembea juu yake gizani, na huenda yeye mwenyewe asianguke kamwe. Ukingo ni kwa ajili ya mgeni. Ni kwa ajili ya mtoto wa jirani. Sheria haikungoja mtu aanguke kwanza, wala haikuuliza kama mwenye nyumba ana hofu.

Usingizi wa mtu aliyeketi nyuma ya usukani ni dari isiyo na ukingo. Mzee aliniuliza kama ni dhambi kuiacha karatasi ile, naye alikuwa akiufikiria mwili wake mwenyewe: kama ni wake, kama aweza kuuvumilia. Lakini ndani ya swali lake walikuwamo watu wa lile basi, ambao hawakujua kwamba yuko mtu Tanga aliyekunja karatasi akaitia mfukoni. Mtu aweza kuchagua kubeba hatari yake mwenyewe, na mara nyingine huo ni ushujaa. Hana ruhusa ya kuwabebesha wengine hatari hiyo bila wao kujua.

Yako mambo mengine mawili yanayotuzuia kuamua vema. La kwanza ni kwamba aliyelala hawezi kuwa shahidi wa usingizi wake. Maradhi mengi humtangulia mgonjwa mwenyewe: huumia, kisha huwaambia wengine. Ugonjwa huu hugeuza mambo. Mke anajua, mume hajui. Utingo anajua, dereva anakana. Hata ile fomu ya maswali 8 inayotumiwa na madaktari kuukadiria usingizi wa mchana humtegemea mtu aseme kweli juu yake mwenyewe. Na tunapenda kusema "uchovu tu". Siwalaumu wanaume peke yao, ingawa katika jambo hili tumejaliwa ukaidi. Ni vigumu kwa mtu mzima kukubali kwamba mwingine anamjua kuliko anavyojijua. Hata hivyo ndivyo tunavyoungama kila Jumapili, kwamba yako makosa yetu tusiyoyaona. Basi anayekataa kusikia habari za usingizi wake kutoka kwa mkewe ajiulize kama anaungama kweli au anatamka maneno.

La pili ni aibu. Mzee aliniambia baadaye kwamba kilichomsumbua hasa hakikuwa fedha. Aliogopa kulala na barakoa usoni kama rubani wa ndege, mbele ya mkewe. Wengine hukataa msaada kwa sababu ni mkubwa mno. Wengine, kama Naamani yule jemadari wa Shamu, hukasirika kwa sababu ni mdogo mno. Naamani alitaka jambo la fahari, akaambiwa akaoge mtoni, na kama si watumishi wake angerudi kwao na ukoma wake. Vivyo hivyo twadharau tunapoambiwa tulale kwa ubavu, tusinywe pombe jioni, tusimeze dawa za usingizi ovyo, tupunguze uzito. Lakini kwa ugonjwa wa kiasi kidogo hayo si mambo ya kudharau. Pombe hulegeza koo zaidi. Kulala chali huwazidishia wengi. Na katika utafiti ule wa Wisconsin, watu waliopungua uzito kwa asilimia 10 walielekea kupungukiwa na hesabu yao kwa kama robo. Iko pia aina ya kifaa cha mdomoni kinachoshikilia taya la chini mbele kidogo, ambacho huwasaidia baadhi.

Hata hivyo nisije nikawatupa upande wa pili wa barabara. Siku hizi hofu nayo ni bidhaa, na wako watakaouza dawa kwa kila mkoromo. Twasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini nyumba ya udongo ina nyufa nyingi, na fundi mwenye akili hujua upi ni wa kuziba leo na upi ni wa kuangalia tu. Mkristo hakuitwa kuulinda mwili kana kwamba hautakufa. Mtume Paulo alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake kwa maneno machache, kisha akaendelea na kazi ya Injili. Hicho ndicho kipimo chema: kuushughulikia mwili kiasi cha kutosha ili uweze kuwatumikia wengine, na kisha kuacha kuufikiria.

Kwa hiyo, ndugu, ukirudi kutoka hospitali na neno "kidogo", jiulize haya. Je, nasinzia mchana, barabarani, kazini au mahali ambapo mtu mwingine aweza kuumia? Je, nina presha au ugonjwa wa moyo unaoweza kuongezeka? Anayelala karibu nami anasemaje, na je, nimemruhusu kusema yote? Nimejaribu yale madogo kwa uaminifu? Na fedha nitakazozitoa, zinatoka kinywani mwa nani? Ukijibu hayo mbele ya Mungu, na mbele ya daktari wako, utaweza kuamua bila hofu, iwe kutibiwa au kungoja. Na ukingoja, ngoja ukiwa macho: urudi kupimwa, usiikunje karatasi ukaisahau.

Nilikwenda kwa mzee wetu siku ya pili yake, nikamwomba radhi kwa jibu langu la haraka. Haikuwa rahisi kwake kulisikia jambo la Segera kinywani mwangu, na kwa muda hakunitazama. Kisha akasema, "Basi mama amesema." Tulikaa sana. Alirudi hospitali, safari hii pamoja na mkewe, na daktari alimwambia asishike usukani hadi usingizi umtoke. Alimwuliza pia analala saa ngapi, maana koo peke yake haliwezi kulaumiwa ikiwa mtu analala saa nne tu. Mzee akamweleza mwajiri wake, akawekwa bohari kwa muda, na baadaye safari za mchana, posho ikapungua. Mashine ilinunuliwa kwa mchango wa watoto wake, na ada ya mjukuu mmoja ililipwa nusu nusu. Majuma mawili ya kwanza alinung'unika kila asubuhi. Sasa ameizoea. Mkewe asema siku hizi huamka usiku kwa mazoea, husikiliza, na kusikia hewa ikipita, kisha hulala.

Nabii Eliya alipochoka jangwani hata akaomba kufa, hakukemewa kwanza. Alipewa usingizi, na chakula, na usingizi tena, ndipo akatumwa. Usingizi ni zawadi ya Mungu, na kuutunza si anasa. Bwana atujalie sisi sote kulala salama na kuamka tukiwa na faida kwa jirani zetu. Na atupe unyenyekevu wa kuwasikiliza wanaokesha kwa ajili yetu. Amina.